Karatasi ya Mlangoni

Sokoni Mweso, huku Masisi, mashariki mwa Kongo, maharage hupimwa kwa kopo, na kila kopo lina siri zake. Mnunuzi mzoefu hulipindua kwanza atazame kitako, maana kitako kikigongwa hadi kikaingia ndani, kila kipimo kitapungua konzi nzima bila mtu yeyote kusema uongo. Akiridhika na kitako, anahamia kwenye mkono wa anayejaza. Je, anaziacha punje zijilundike mpaka zimwagike pembeni, au anapitisha kiganja juu kama anayefuta vumbi mezani?

"Mama, mbona umekikata kichwa?"

"Kichwa gani tena, baba? Si nimejaza?"

Anaongeza punje chache, wanacheka, wameachana. Hakuna kati yao anayejua uzito kamili wa mzigo ule. Mnunuzi anajua tu kwamba umejazwa machoni pake, na hilo limemtosha kubeba mfuko wake na kwenda.

Kila ninaposikia watu wakibishana juu ya hesabu ya kura, kopo hilo hunirudia. Tumezoea kusema kwamba hesabu ni jambo la ukweli mtupu: kura ni ngapi, basi ni hizo. Lakini mwananchi hajawahi kuziona kura milioni saba. Hata rais aliyezipata hajaziona. Kinachomfikia kila mmoja wetu ni ushahidi wa mtu aliyeambiwa na mtu aliyemwona mtu akihesabu. Jumla ya taifa ni habari, kama habari nyingine yoyote inayopita kinywa hadi kinywa, isipokuwa hii imevaa suti.

Tuingie kalasini, kwa kuwa vituo vingi vya kura Masisi ni vyumba vya shule ya msingi. Katika uchaguzi wa rais wa tarehe 30 Desemba 2018, ile mashine ya kupigia kura iliyotoka Korea Kusini, ambayo wapinzani waliipa jina la mashine ya kuibia, kisheria ilikuwa ni ya kuchapa tu. Ulichagua kwenye kioo, ikakuchapia karatasi, ukaitumbukiza sandukuni, na jioni karatasi hizo ndizo zilizohesabiwa kwa mkono. Mkuu wa kituo huinua moja, huwaonyesha mashahidi wa vyama, hutaja jina kwa sauti. Mwenzake huchora kijiti. Vijiti vitano, fungu. Yakiisha mafungu, jumla huandikwa kwenye karatasi, wahusika hutia sahihi, na nakala moja hubandikwa mlangoni ili hata mchunga ng'ombe apite aisome.

Mpaka hapo ni kopo la maharage. Watu wamesimama, taa inayumba, mtu anapiga kelele kwamba kijiti kimoja kimerukwa, kinarudiwa. Kisha bahasha hufungwa, ikapelekwa kituo cha kukusanyia matokeo, ikasafiri kwa pikipiki kwenye barabara ambazo mvua ya Masisi haizihurumii. Kutoka hapo namba huenda Kinshasa, na siku moja usiku hurudi kwa njia ya redio. Mlangoni palikuwa na namba tuliyoiona. Redioni pana namba inayotutawala. Kila ugomvi wa uchaguzi ninaoufahamu umezaliwa katika safari iliyo kati ya hizo mbili.

Usiku wa kuamkia tarehe 10 Januari 2019 ndivyo ilivyokuwa. Corneille Nangaa, mwenyekiti wa tume ya uchaguzi, CENI, alimtangaza Félix Tshisekedi kuwa mshindi kwa asilimia 38.57, na Martin Fayulu wa pili kwa asilimia 34.8. Tofauti haikufika kura laki saba. Kanisa Katoliki, lililotawanya waangalizi wapatao 40,000, lilisema namba hizo hazilingani na zile zilizokusanywa na watu wake, ingawa halikumtaja hadharani aliyeshinda. Fayulu alidai kura zihesabiwe upya. Mahakama ya Katiba ilimkatalia tarehe 20 Januari, na siku nne baadaye rais mpya akaapishwa. Matokeo ya kituo kimoja kimoja CENI haikuyachapisha. Aliyekuwa ameinakili karatasi ya mlangoni kwake hakupata pa kuilinganisha.

Mashariki huku tulikuwa na sababu ya ziada ya kukunja uso. Beni na Butembo, pamoja na Yumbi kule magharibi, waliambiwa watapiga kura mwezi Machi, kwa sababu ya Ebola na kwa sababu ya vita. Hao walikuwa wapiga kura zaidi ya milioni moja. Weka idadi hiyo kando ya ile tofauti ya chini ya laki saba, utaona kwamba waliofungiwa nje walikuwa wengi kuliko pengo lenyewe. Rais alishakalia kiti wao wakiwa hawajagusa mashine.

Watu wa Beni walifanya jambo ambalo naona halijatafakariwa vya kutosha. Siku ileile ya 30 Desemba walijipanga foleni wenyewe, wakanawa mikono kuwaonyesha wakubwa kwamba Ebola haimzuii mtu kupiga kura, wakaandika majina kwenye vikaratasi, wakahesabu mbele ya wote. Fayulu aliongoza. Hapakuwa na malalamiko, mashine wala bahasha ya kusafirisha. Yamkini ile ndiyo hesabu iliyoaminiwa kuliko zote zilizofanyika Kongo siku hiyo, na haikuwa na uzito hata wa punje moja.

Hapo nilianza kuona kwamba tunapolilia "hesabu ya haki" tunaomba vitu viwili tukidhani ni kimoja. Tunataka hesabu ionekane, na tunataka iwe na nguvu ya kuamua. Ya Beni ilionekana kwa kila mtu na haikuamua kitu. Ya Kinshasa iliamua kila kitu na hakuna aliyeiona. Anayeshuku hana ugonjwa, kama wakubwa wanavyopenda kudokeza. Ameona mwanya kati ya macho yake na mamlaka, na anauliza nani amesimama hapo katikati.

Lakini nisijidanganye kwamba kuonekana peke yake kunatibu. Wakenya wamelijaribu. Mahakama yao ya Juu ilifuta uchaguzi wa rais tarehe 1 Septemba 2017 kwa sababu njia ya kupeleka matokeo ilikuwa na kasoro. Mwaka 2022 tume yao ikaziweka Fomu 34A za matokeo ya vituo vyote mtandaoni, mwenye simu na subira ajumlishe mwenyewe. William Ruto akapata asilimia 50.49, Raila Odinga 48.85, na makamishna 4 kati ya 7 wakatoka nje kusema hawayatambui matokeo. Karatasi za mlangoni zilikuwa mikononi mwa taifa zima, na bado shaka ikapata pa kulala: ilihama kutoka kwenye jumla ikaingia kwenye karatasi yenyewe, ikauliza nani ameijaza na nani ameipiga picha. Shaka haina sakafu. Ukiijibu chini ya jumla, inachimba chini ya fomu. Ukiijibu chini ya fomu, inachimba chini ya mkono.

Na pengo linapokuwa jembamba sana, shaka inakuwa na hoja ya kweli. Zanzibar, Januari 1961, jimbo la Chake Chake liliamuliwa kwa kura moja. Moja! Chama cha ASP kikapata viti 10, ZNP 9, ZPPP 3. Juni wakarudia, na ghasia zikaua watu 68. Mwaka 1995, katika kura ya urais wa Zanzibar, Salmin Amour alipewa asilimia 50.2 dhidi ya 49.8 za Seif Sharif Hamad, na kidonda hicho kilichukua miaka kukauka, kama kimekauka. Mkono wa binadamu ukihesabu karatasi elfu kwa mwanga wa taa, usiku, njaa ikiuma, hukosea. Kosa la mkono likishakuwa kubwa kuliko pengo, kuhesabu hakuwezi tena kutufichulia wananchi walitaka nini, maana wananchi wenyewe wamegawanyika katikati. Hesabu hapo inakata shauri tu, kama panga linavyokata muwa: palipopita panga ndipo mpaka, ingawa muwa wenyewe haukuwa na alama.

Lugha yetu ililijua hili kabla yetu. Neno kura tulilolipangia foleni ni lile lile tunalolisikia kanisani, pale mitume walipomtafuta mtu wa kuchukua nafasi ya Yuda na kura ikamwangukia Mathiya. Kura ile haikuhesabiwa, iliangushwa. Yusufu aliyeitwa Barsaba, aliyeshindwa, hatuelezwi kwamba alidai irudiwe, kwa sababu wote wawili walikubali tangu mwanzo nani ameishika kura ile mkononi. Sisi tuliichukua kura ya bahati tukaifanya kura ya hesabu, tukasahau kwamba sehemu moja ya ile ya kwanza ilibaki ndani: lazima anayeshindwa awe amekubali mkono unaoishika. Mshindi haulizi kitu. Hesabu ya kura, nikisema wazi, hufanywa kwa ajili ya aliyeshindwa.

Sasa turudi Mweso, ambako fikra hizi zinaumia miguu.

Uchaguzi wa Desemba 2023 haukufika hapa. Masisi na Rutshuru, na Kwamouth kule Mai-Ndombe, ziliachwa nje kwa sababu ya vita. Watu wengi wa huku walikuwa wamelala chini ya maturubai kuzunguka Goma wakati Kongo iliyobaki ikipanga foleni. Tshisekedi akatangazwa na zaidi ya asilimia 73. Hatukubishana juu ya namba zetu, hatukuwa nazo. Ukipata kura sifuri umehesabiwa, ukaonekana huna. Sisi hata sifuri hatukuandikiwa, na hapakuwa na karatasi ya mlangoni wala mlango. Nilitamani, nikiri, ile kero ya 2019: kukaa karibu na redio nikisema wametuibia. Mtu anayelalamika kwamba ameibiwa bado anaamini alikuwa na kitu.

Siku tano kabla ya kura hiyo, tarehe 15 Desemba 2023, muungano mpya wa kisiasa na kijeshi ulizinduliwa Nairobi ukiwa na waasi wa M23 ndani yake. Kiongozi wake ni Corneille Nangaa, yule yule wa usiku wa Januari. Mapigano yaliingia Mweso. Tarehe 25 Januari 2024 mabomu yaliua raia karibu 20 hapa mjini. M23 walishika mji. Mtu aliyewahi kutusomea namba kutoka Kinshasa sasa anakuja kwa barabara ya Sake, Kilolirwe na Kitshanga, na safari hii hajabeba karatasi ya kusoma.

Wala usidhani kwamba watu wa Masisi na jirani zetu wa Walikale hawajui kuhesabiwa. Wamehesabiwa sana. Makundi yenye silaha yaliyopita huku, moja baada ya jingine, yamehesabu watu kwa ajili ya kodi ya "lala salama", na kila aliyelipa akapewa jetoni, kikaratasi cha kuonyesha bariyeri. Hesabu hiyo hairuki nyumba. Hakuna kijiji kilichowahi kuambiwa kwamba usalama hauruhusu wahesabu kufika.

Kadi ya mpiga kura ndiyo kitambulisho chetu, kwa kuwa Kongo haijafanya sensa ya watu tangu 1984 na kwa miaka mingi haikuwa na kitambulisho kingine cha taifa. Walioandikishwa mwaka 2023 katika sehemu nyingine za nchi walilalamika kwamba maandishi ya kadi zao yalianza kufutika baada ya miezi michache. Wengi wa huku bado wanatembea na ile ya zamani, imekunjwa mara nne, imefunikwa plastiki, sura imebaki kivuli. Mwenye bunduki akikusimamisha unatoa vyote viwili mfukoni, kadi na jetoni. Kadi anaigeuza juani akitafuta jina lako. Jetoni anaisoma mara moja.