Chambueni Mashaka Yenu



Usiku, moto wa jikoni ukiisha kuzimika na watu wa nyumba wamelala, nani kati yetu hajakaa macho akihesabu mashaka yake? Mvua imechelewa, mtoto ana homa, fedha ya shule haijapatikana, jirani ametusema vibaya. Asubuhi twaamka tumechoka, wala hakuna shaka hata moja lililopungua.

Sikilizeni habari za mtu wa kale, jina lake Epictetus. Alizaliwa karibu na mwaka 50 baada ya Kristo, katika nchi iitwayo leo Uturuki. Alikuwa mtumwa mjini Roma, tena kilema wa mguu. Baadaye alipata uhuru, akawa mwalimu wa wale wenye hekima walioitwa Wastoa. Hakuwa Mkristo, lakini fundisho lake lafaa kusikilizwa. Alisema kwamba mambo ni ya namna mbili. Mengine yamo katika uwezo wetu, kama vile kukusudia, kutaka na kukataa. Mengine hayamo, kama vile afya, mali na maneno ya watu. Mwizi alipomwibia taa yake ya chuma, hakuhangaika; alijipatia nyingine ya udongo.

Nasi tufanye hivyo. Mvuvi wa Ziwa Albert hawezi kuuamuru upepo, lakini aweza kushona wavu wake. Mama hawezi kuiamuru homa ya mwanawe. Aweza kumpeleka kituo cha afya, kumnywesha maji, kukesha naye na kusali. Tena aweza kumkataa yule amwambiaye, «Twende kwa mpiga ramli, tujue ni nani aliyemroga.» Kwa maana hofu isiyochambuliwa huzaa chuki, na anayeumia ni jirani asiye na kosa.

Mwezi wa Mei 2003 maelfu ya watu wa Bunia walikimbilia uwanja wa ndege na makao ya askari wa Umoja wa Mataifa. Mtu wa kawaida hakuweza kuzinyamazisha bunduki. Hata hivyo, jambo moja lilibaki mkononi mwake: kumsitiri mtu wa kabila lingine, au kumfungia mlango. Jambo hilo hakuna mwenye silaha awezaye kutunyang'anya.

Lakini Wastoa walifundisha kwamba mwenye hekima hatikiswi na majonzi. Hapo twaachana nao. Bwana wetu alilia kaburini pa rafiki yake Lazaro. Basi, anayelia hakosi imani. Na lile lisiloshikika mikononi mwetu limo mikononi mwa Baba atupendaye.

Kusudi letu: leo jioni, kabla ya sala, chambua mashaka yako kama mama achambuavyo maharage. Katika fungu lililo lako, chagua kazi moja ya kufanya kesho. Fungu lisilo lako umkabidhi Mungu, kisha ulale.