Mchezaji akikosea, atolewe kafara?

Ndugu msomaji, huenda ukajiuliza, ukurasa huu na mpira wapi na wapi. Lakini pita nje ya misikiti yetu baada ya swala ya Isha, siku ambayo timu kubwa imefungwa. Utakuta kikao. Swali ni moja: yule aliyetufungisha, kocha ampange tena au asugue benchi? Hukumu haichelewi: “Atupwe nje!” Na mara nyingi huongezwa nyingine nzito zaidi: “Kanunuliwa yule.” Hapo tumeshatoka kwenye mpira, tumeingia kwenye heshima ya mja.

Tuchukue mfano wa Loris Karius, kipa wa Liverpool. Tarehe 26 Mei 2018, mjini Kiev, katika fainali ya Klabu Bingwa Ulaya dhidi ya Real Madrid, alirusha mpira ukagonga mguu wa Benzema na kuingia wavuni. Baadaye shuti la mbali la Bale lilimponyoka mikononi. Liverpool ikalala 3-1. Kipa yule alikwenda mbele ya mashabiki akilia, akiomba radhi. Alijibiwa kwa matusi na vitisho vya kuuawa. Siku chache baadaye madaktari wa Boston, Marekani, walimpima na kueleza kuwa huenda alipata mtikisiko wa ubongo katika mechi ile ile, kabla ya mabao yale, baada ya kugongwa kichwani. Ni nani kati ya waliomtukana aliyelijua hilo?

Julai mwaka ule Liverpool ilimnunua Alisson, na Karius hakucheza tena mechi ya mashindano kwa klabu hiyo. Mwaka 2019, Alisson akiwa langoni, Liverpool ilitwaa kombe lile lile. Je, kocha alikosea? Wengi watasema matokeo yamejibu. Lakini matokeo si kipimo cha haki. Mwaka 1998 David Beckham alitolewa kwa kadi nyekundu England ikicheza na Argentina katika Kombe la Dunia, na nchi nzima ikamgeukia. Kocha wake wa Manchester United, Alex Ferguson, hakumtupa. Msimu uliofuata klabu hiyo ilichukua makombe matatu, Beckham akiwemo. Basi ushindi umekuja kwa njia zote mbili. Inabidi tutafute mizani nyingine.

Sisi Waislamu tunayo. Hatulinganishi jihadi ya Mtume (s.a.w.) na mchezo, tunatafuta mafunzo ya uongozi. Katika vita vya Uhud, mwaka wa 3 Hijria, wapiga mishale 50 waliwekwa mlimani na kuamrishwa wasiondoke. Wengi wao walishuka kufuata ngawira. Adui akazunguka nyuma, Waislamu wapatao 70 wakauawa shahidi, na Mtume mwenyewe akajeruhiwa usoni. Hili halikuwa kuteleza tu, ilikuwa kuvunja amri.

Nini kilifuata? Katika Suratul Aal Imran, aya ya 159, Mtume aliamrishwa mambo matatu juu ya wale waliokosea: awasamehe, awaombee maghufira, na ashauriane nao. Zingatia la tatu. Kusamehe kunaweza kuishia mdomoni, lakini kumshauri mtu ni kumrudishia nafasi yake. Na siku ya pili tu baada ya Uhud, Mtume alipotoka kumfuatilia adui hadi Hamraul Asad, aliagiza watoke wale waliokuwepo Uhud jana yake. Waliojeruhiwa, waliovunjika moyo, ndio walioitwa tena.

Atasema msemaji: basi mchezaji asiondolewe kamwe? Hapana. Abu Dharr (r.a.) alipoomba uongozi, Mtume alimweleza kuwa yeye ni dhaifu na uongozi ni amana. Alinyimwa kazi, hakuvunjiwa heshima. Na nafasi uwanjani ni amana pia. Kocha hachezi peke yake. Wapo wachezaji wengine waliotoa jasho mazoezini, na wapo waliolipa viingilio. Ikiwa aliyekosea hana uwezo, hajitumi au hataki kurekebishwa, kumng'ang'ania kwa huruma ni kuwadhulumu wengine.

Tofauti basi iko katika sababu. Kocha ajiulize: ninamwondoa kwa kuwa nimempima kwa mechi nyingi na mazoezi, au kwa dakika moja? Nimezungumza naye nikasikia udhuru wake, au amelisoma jina lake ukutani? Ninaijenga timu, au ninatafuta wa kumtwisha lawama zangu ili majukwaa yanyamaze? Kama jibu ni hili la mwisho, huko ni kumtoa mtu kafara, na kafara ya namna hiyo ni dhulma hata timu ikishinda.

Na sisi wa kwenye vikao tusijitoe. Kumwita mtu msaliti bila ushahidi ni dhana mbaya iliyokatazwa katika Suratul Hujurat. Mwaka 1994 Andrés Escobar wa Colombia alijifunga katika Kombe la Dunia dhidi ya Marekani. Siku 10 baadaye aliuawa kwa risasi mjini Medellín, na wengi hadi leo wanahusisha kifo chake na bao lile. Maneno ya jukwaani yana uzito.

Mwisho, ndugu msomaji, makocha ni wengi kuliko tunavyodhani. Bosi mwenye karani aliyekosea hesabu ni kocha. Baba mwenye mtoto aliyefeli mtihani ni kocha. Kila mmoja wetu ana mtu ambaye makosa yake yamo mikononi mwake, naye ana makosa yake mbele ya Mola wake, anayoomba kila swala yasiwe sababu ya kufukuzwa. Kuteleza si kuanguka. Tuwapime wenzetu kwa kipimo tunachotaraji kupimiwa.

Wallahu a'lam.