Mali Yenye Jina la Mwenyewe

Kila mwaka unapokaribia kwisha, watu wa Kilimanjaro walioko Dar es Salaam na kwingineko hufunga mizigo yao wakarudi nyumbani kwa Noeli. Barabara ipitayo Chalinze, Segera na Same hujaa mabasi na motokaa, na aghalabu kila motokaa imebeba kupita kiasi chake: watoto, magunia, na mabati ya mjomba juu yake. Desemba iliyopita nasi tulikuwamo katika msafara huo. Yaliyotupata njiani yametulazimu kuwauliza wasomaji wetu swali moja: mtu aliyeokota hati za mwenziwe, je, ana haki ya kudai fedha ndipo azirudishe?

Tulifika kwanza Moshi mjini, tukanunua vitu vichache katika soko la Mbuyuni, kisha tukageuka kurudi Himo na kuanza kupanda kuelekea Marangu. Mpando ule si wa kutisha kwa macho. Lakini motokaa iliyokwisha kwenda zaidi ya kilometa 500 tangu alfajiri, imejaa watu, na maji yake yamepungua bila dereva kutambua, huujua uzito wake. Ilichemsha. Mvuke ukafuka chini ya boneti, tukasimama kando, na jua limekwisha kuchwa.

Hapo tuliona wema mwingi. Mama mmoja mzee alitutolea ndoo ya maji kutoka nyumbani kwake katikati ya migomba, wala hakuuliza sisi ni akina nani. Kijana mmoja aliyeijua kazi ya magari alitukataza kufungua kifuniko cha rejeta kabla haijapoa, maana maji yaliyobanwa na joto humrukia mtu usoni. Wengine wakasukuma. Walikuwa kama saba hivi. Injini ilipowaka tena tukashukuru, tukaagana nao. Na tulipofika nyumbani ndipo tulipoona kwamba mkoba uliokuwa chini ya kiti haupo.

Ndani ya mkoba mlikuwa na fedha kidogo, leseni ya udereva, vitambulisho vya taifa, karatasi za shule za mtoto aliyekuwa ataingia kidato cha kwanza mwezi wa Januari pamoja na vyeti vyake vya kuzaliwa na vya ubatizo, na karatasi moja ya kihamba. Kihamba, kwa msomaji asiye wa mlimani, ni shamba la ukoo la migomba na kahawa, mahali watu wanapojenga na wazee wao walipozikwa. Karatasi ile iliandikwa siku wazee walipopatana juu ya mpaka. Wawili kati ya waliotia sahihi wamekwisha kufariki.

Fikirini basi. Aliyechukua fedha alipata kadiri ileile tuliyopoteza sisi. Karatasi ya kihamba haikumfaa kitu. Hata kuwashia moto ni ndogo. Cheti cha ubatizo si taabu kubwa, maana daftari la parokia lipo na padre huandika kingine. Kitambulisho nacho hupatikana tena kwa kutoa taarifa polisi, kujaza fomu, kulipa ada na kungoja. Lakini sahihi ya marehemu haipatikani kwa ada yoyote. Ndiyo sababu Mtakatifu Tomaso wa Akwino, aliyeishi katika karne ya 13, alifundisha kwamba anayemtia mwenziwe hasara amefungwa kuifidia hasara ile, ijapokuwa mwenyewe hakufaidika nayo.

Siku ya tatu simu ikalia. Mtu tusiyemjua alisema ameziokota karatasi zetu mtaroni, na namba yetu ameiona katika karatasi za shule. Tutoe shilingi 50,000 azilete. Tukamwuliza habari za mkoba. Akajibu, "Mimi sikuiba, mzee. Nimeokota. Na aliyeokota hupewa."

Huenda alisema kweli, na hatutaki kumshitaki mtu kwa kudhani. Tuseme aliokota. Mtu akiokota noti barabarani, aghalabu hana njia ya kumjua mwenyewe, na hata Kanuni ya Adhabu ya nchi yetu haimhesabu kuwa mwizi aliyetumia kitu cha kuokota, ikiwa hakumjua mwenye mali na alikuwa na sababu ya haki ya kuamini kwamba hawezi kupatikana. Lakini kitambulisho kina jina na picha! Hati ni mali inayomtaja mwenyewe kila inapotazamwa. Anayeiokota hawezi kusema hata kitambo kidogo kwamba hajui ni ya nani. Na bwana yule alijua hata namba ya simu. Tangu saa ile aliyoisoma, kuishika ili apate bei kulikuwa ni kumzuilia mwenzake kilicho chake.

Atasema, "Na nauli yangu je? Na siku yangu ya kazi?" Hilo ni la haki, na mwenye mali alilipe bila kunung'unika. Tena aongeze shukrani. Mtu anayerudishiwa vyeti vyake akaondoka na asante tupu ni bahili. Ila shilingi 50,000 si nauli ya kutoka Himo. Bei ile haikupimwa kwa jasho lake, ilipimwa kwa hofu yetu. Angalijua maana ya karatasi ya kihamba, angalitaja mara kumi yake. Na kama alikuwa na habari ya mwizi wakagawana, Katekisimo ya mwaka 1992 imenena wazi: anayefaidika na wizi hali akijua, naye amefungwa kurudisha kwa kadiri ya sehemu yake.

Tulilipa. Rafiki yetu mmoja alitulaumu sana, akasema kwamba kulipa ni kuulisha wizi. Twamjibu kwa mfano alioutumia Mtakatifu Tomaso yuleyule, wa watu kumi katika kitabu cha Yeremia ambao, ili Ishmaeli asiwaue, walimwambia kwamba wana akiba ya nafaka na mafuta waliyoificha mashambani. Hawakumfundisha ukatili, alikuwa nao tayari. Wao walijiokoa. Hata hivyo lawama ya rafiki yetu haituondoki moyoni, kwa sababu kila 50,000 inayolipwa huipandisha bei kwa jamaa atakayeibiwa kesho. Kama vingekuwa vitambulisho tu, tungalikataa na kwenda polisi.

Bahasha ilipofunguliwa, karatasi ya kihamba haikuwamo.

Jumapili padre aliitangaza mwisho wa Misa, akasema kwamba aliye nayo aweza kuiacha ofisini, au kwa balozi, au kumkabidhi yeye katika kitubio, wala jina halitaulizwa. Ni desturi ya zamani katika Kanisa mali ya wizi kurudi kwa mkono wa padre, na tungependa itumike zaidi. Mpaka leo haijaletwa. Mama yule wa ndoo ya maji alitungojea nje ya kanisa, akatuuliza kwa uchungu kama ni watoto wa kijijini kwake waliofanya hivyo. Hatukuwa na jibu. Tulimwambia tu kwamba sita kati yao walitusaidia kwa moyo safi, na huyo wa saba hatumjui.

Katika Kumbukumbu la Torati, sura ya 22, Mungu awaamuru Waisraeli kumrudishia ndugu kitu chake chochote kilichopotea, awe karibu au mbali. Na mara hiyohiyo awakataza kumpita ndugu ambaye punda wake ameanguka njiani. Amri hizo mbili zimewekwa pamoja. Ile ya kwanza tuliishika kwa nguvu sana siku zile, tukimsomea kila aliyetusikiliza. Lakini mchana wa siku ileile ya safari, tulipokwisha kupita Same, tuliona jamaa wamesimama kando ya gari lenye boneti wazi, na mtoto amekaa juu ya jiwe juani. Dereva wetu alipunguza mwendo. Sisi tukamwambia kwamba tutachelewa sokoni. Kamba ya kuvutia gari tulikuwa nayo, nyuma, chini ya magunia.