Tutakula Nyamafu Mpaka Lini?

Mwezi wa Oktoba 2024, usiku baada ya Isha, binti wa shangazi yangu alinipigia simu kutoka Grand Rapids, jimbo la Michigan. Tumekulia nyumba moja Buyenzi, Bujumbura, na kwangu yeye ni dada. Aliolewa na Mkongo, wakapelekwa Marekani kwa mpango wa wakimbizi, na sasa ni raia wa huko. Ilikuwa ndiyo kura yake ya kwanza maishani. Akaniambia, "Mdogo wangu, wewe ndiye unayesoma dini kwetu. Nimpigie nani?"

Nilimjibu kama mtu aliyetoka kufanya mtihani wa Qawaid al-Fiqhiyya, na kweli nilikuwa nimetoka kuufanya wiki ileile. Nikamwambia: dada, yakikutana madhara mawili na hakuna njia ya kuyakwepa yote, huchukuliwa lililo jepesi. Kanuni inajulikana, imo katika vitabu vyote vya fani hii, na hata Majalla ya Waothmani iliiandika kama sheria. Mpigie yule mwenye madhara machache, umalize.

Akanyamaza kidogo. Kisha akasema, "Haya, niambie lipi jepesi. Hawa walioko madarakani ndio wanaopeleka mabomu yanayoangukia watoto wa Gaza. Huyu mwingine ndiye aliyewafungia mlango Waislamu wa nchi saba mwaka 2017. Wewe uko Uganda, una mizani gani ya kunipimia?"

Sikuwa na jibu. Mwisho akampigia Jill Stein wa chama cha Green, na hakunificha. Hakuwa peke yake. Mwezi wa Februari mwaka huohuo, katika kura ya mchujo ya chama cha Democratic pale Michigan, watu zaidi ya 100,000 waliweka alama mahali palipoandikwa kwamba hawajamchagua yeyote, ili Rais Biden aone hasira yao. Novemba ilipofika, katika mji wa Dearborn, wenye Waarabu na Waislamu wengi, Trump alipata kama asilimia 42, Harris 36 na Stein 18. Jimbo zima Trump alishinda kwa kura kama 80,000. Kura za Stein zilikuwa kama 44,000, kwa hiyo hata zingeenda zote kwa Harris zisingetosha kumpa jimbo hilo. Nayasema haya kwa sababu wapo ndugu zetu hapa chuoni waliokuwa wanasema Waislamu wa Michigan ndio waliomuweka Trump. Hesabu ya chama cha tatu haisemi hivyo.

Juni 2025 likatokea ambalo sikulitarajia. Rais huyo alitoa tangazo jipya la kuzuia wageni, nchi 12 zikafungiwa kabisa na 7 zikafungiwa kwa sehemu. Miongoni mwa hizo saba ni Burundi. Viza za matembezi, za wanafunzi na za kuhamia zikasimamishwa. Shangazi yangu alikuwa ameshashona kitenge cha safari. Mjukuu wake wa Grand Rapids ana miaka mitatu na hajawahi kumbeba.

Tangu siku ile swali la dada limenikaa, na nimeona makosa yangu mawili.

La kwanza ni kwamba nilimpa kanuni nusu. Ile ya kuchukua dhara jepesi ni mtoto wa mlango wa dharura, na mlango huo una masharti. Mwanafunzi yeyote wa mwaka wa kwanza anajua kwamba dharura hupimwa kwa kiasi chake. Katika Surat al-Baqara, aya ya 173, aliyeshikwa na njaa jangwani ameruhusiwa kula nyamafu kwa sharti la kutoitamani na kutopindukia. Anakula cha kumfikisha kijijini. Hakuruhusiwa kupiga hema palepale, akafungua bucha ya nyamafu, akawasomesha na watoto wake kwa faida yake. Sasa tuwatazame ndugu zetu wa Marekani, ambao kila baada ya miaka minne wanaambiwa kwamba safari hii ni ya dharura, mwakani mtadai haki zenu. Mwakani haufiki. Kinachoitwa dharura kimekuwa makazi, na vyama viwili vinajua kwamba aliye jangwani hana pa kwenda, basi kwa nini vimuongezee chochote?

Wazee wa Uganda wanaijua hali hii kwa sura yake ya hapa. Enzi za DP na UPC, kimoja kilihesabika cha Wakatoliki na kingine cha Waprotestanti, na Muislamu alikuwa anachagua akae kwenye baraza ya nyumba ya nani. Ndani hakukaribishwa sana kokote.

Kwa nini wasiunde tu chama kingine? Kikwazo hasa kiko katika namna ya kuhesabu. Marekani, karibu kila kiti huchukuliwa na mwenye kura nyingi peke yake, na aliyeshindwa hapati kitu hata akiwa na kura nyingi namna gani. Mwaka 1992 Ross Perot alipata karibu asilimia 19 ya kura za urais nchi nzima, watu zaidi ya milioni 19, na hakupata hata kura moja ya wajumbe wanaomchagua rais. Mwaka 2000 Ralph Nader alipata zaidi ya 97,000 Florida, jimbo ambalo Bush alilichukua kwa tofauti ya kura 537. Watu wakafundishwa somo: ukitoka kwenye vile viwili, unamsaidia unayemchukia zaidi. Mfaransa Maurice Duverger aliandika zamani kwamba uhesabuji wa aina hii huelekea kuzaa vyama viwili. Kumlaumu mpiga kura kwa jambo lililojengwa ndani ya hesabu si uadilifu.

Lakini Marekani hiyohiyo iliwahi kuzaa chama kipya kikashinda, na kisa chake ndicho kinachonisumbua zaidi ya vyote. Mwaka 1844 wagombea wakubwa walikuwa James Polk wa Democratic na Henry Clay wa Whig. Wote wawili walimiliki watumwa. Polk alitaka Texas iingizwe nchini, jambo lililomaanisha ardhi zaidi ya utumwa. Clay alisitasita. Kikundi cha watu wa kaskazini waliouchukia utumwa wakakataa kuchagua kati ya mabwana wawili wa watumwa, wakampigia James Birney wa chama kidogo cha Liberty. Katika jimbo la New York Birney alipata kura zaidi ya 15,000, na Clay akashindwa na Polk kwa kura kama 5,000. New York ndiyo iliyoamua urais. Mwaka uliofuata Texas iliingia ikiwa jimbo la utumwa, kisha ikaja vita na Mexico.

Ukisimama hapo utasema watu wa Liberty walifanya ujinga. Ukisogea mbele kidogo, waliotoka kwao wakaungana na wengine mwaka 1848 wakaunda Free Soil. Mwaka 1854, sheria ya Kansas na Nebraska ilipofungua ardhi mpya kwa utumwa, chama cha Whig kikasambaratika na kikazaliwa Republican. Mwaka 1860 Lincoln akashinda kwa chini ya asilimia 40 ya kura, wapinzani wake wakiwa wamegawanyika, na mwaka 1865 utumwa ukafutwa katika katiba. (Ndiyo, Republican hicho ndicho cha Trump leo. Chama kipya nacho huzeeka.)

Je, walikuwa sahihi? Nimelizungusha swali hili kila upande. Kati ya 1844 na 1865 kuna miaka 21. Mtumwa aliyepelekwa Texas mwaka 1846 ndiye aliyeibeba miaka hiyo mgongoni, wala hakuulizwa. Waliompigia Birney walikuwa watu huru wa kaskazini. Mwalimu wetu wa fiqhi hupenda kutukumbusha kwamba ukiwa na njaa na mkate mmoja, unaweza kumpa mwenzio ukalala njaa, na utapata thawabu. Mkate wa jirani hauwezi kuutoa sadaka. Kusubiri pia ni hivyo. Dada anaweza kusema atavumilia miaka minne ya Trump ili siku moja kipatikane chama kisichouza damu ya mtu. Lakini anayevumilia hasa ni mama yake, Buyenzi, na kitenge kimekunjwa kabatini.

Nilikaribia kuishia hapo na kusema kanuni yangu ilikuwa sahihi tangu mwanzo. Kisha nikakumbuka kwamba anayemfuata yule wa dhara jepesi naye anatoa mkate wa jirani. Jirani huyo yuko Gaza, wala hakuulizwa. Kwa hiyo hakuna upande ambao mtu anatoka na mikono misafi kwa kuwa alichagua vizuri siku ya Jumanne ya Novemba, na hapo ndipo nilipoliona kosa la pili. Mimi na dada sote tulikuwa tunabishana juu ya siku moja.

Mufti Muhammad Shafi wa Pakistan alisema kura ina sura tatu: ni ushahidi, ni uombezi, na ni uwakala. Wengi wetu tunashika ile ya ushahidi, kwa sababu Surat an-Nisaa, aya ya 135, imetuamrisha kusimama na uadilifu hata dhidi ya nafsi zetu na wazazi wetu. Mimi naona tunaisahau ya uwakala. Wakili humteui asubuhi ukamsahau mpaka kesi nyingine. Watu wa Liberty, pamoja na lawama zote, hawakuonekana siku ya kura tu. Walikuwa na magazeti, walisimamisha wagombea wa mitaani na wa majimbo, walishirikiana na wabunge wa vyama vingine walipoona upenyo, na mtu wao wa Ohio, Salmon Chase, akaingia Seneti mwaka 1849. Kura ya Birney ilikuwa sehemu ndogo ya kazi yao. Ndiyo maana naona wana udhuru ambao mpiga kura wa hasira, anayekitafuta chama cha tatu kila baada ya miaka minne tu, hana. Na aliyemchukua wa dhara jepesi naye, kama Jumatano anarudi kulala, amekwisha fungua bucha jangwani.

Najua wenzangu watanitajia Zohran Mamdani, mzaliwa wa Kampala, aliyechaguliwa meya wa New York Novemba 2025, tena kwa tiketi ya Democratic. Watasema hakuna haja ya chama kipya, ingia ndani ya cha zamani. Sina ugomvi na hilo. Ila angalieni na vilivyomzunguka. Katika mchujo ule mpiga kura aliwapanga wagombea, wa kwanza, wa pili, mpaka wa tano, kwa hiyo aliyempenda mwenye nafasi ndogo hakuogopa kumpa nafasi ya kwanza. Na katika uchaguzi wenyewe jina lake lilikuwa pia kwenye mstari wa chama kidogo cha Working Families, kwa sababu sheria ya jimbo lile inaruhusu mgombea mmoja kubebwa na vyama viwili. Pale ambapo hesabu imelegezwa, hata walio ndani wanapumua. Maine na Alaska nazo zinatumia upangaji huo kwa viti vya taifa. Anayetaka chama kipya kweli aanzie hapo, kwenye hesabu, kabla ya kuhangaika na nani atakuwa rais.

Nilimwambia dada haya mwezi uliopita, na safari hii nilianza kwa kumuomba msamaha kwa jibu la Oktoba. Akacheka. Kumbe yeye alikuwa ameshanitangulia. Siku za Ijumaa baada ya swala anasimama nje ya msikiti na karatasi, anakusanya saini za kudai Michigan ipige kura kwa kupanga wagombea. Wengine wanamsaini, wengine wanamwambia siasa haina heri, na mzee mmoja wa Kisomali humletea chai kila wiki lakini hajasaini bado.

Nikamuuliza kama shangazi anajua alimpigia nani. Akasema hajamwambia, na akaniuliza kama nadhani amwambie.