Adadi Zipendanazo na Hirizi ya Mapenzi

Alinijia mtu, nami jina lake silitaji, ana karatasi iliyoandikwa 220; nyingine ya 284 amekwisha kumpelekea mkewe aliyerudi kwao. Mwuza hirizi alimwambia ya kuwa adadi hizi zapendana, na wenye kuzichukua hupendana kadhalika. Akaniuliza: Je, maalim, ni kweli?

Jua, ewe ndugu msomaji, ya kuwa neno la kwanza ni kweli. Kusanya kila adadi iigawayo 220 pasipo baki, ila yenyewe: 1, 2, 4, 5, 10, 11, 20, 22, 44, 55 na 110. Jumla ni 284. Kisha kusanya zigawazo 284: 1, 2, 4, 71 na 142, utarejea kwenye 220. Thabit bin Qurra, aliyefariki mwaka 901, aliweka kanuni ya kuzitafuta nyingine kama hizo. Kwa njia hiyo Kamal al-Din al-Farisi alipata 17296 na 18416, na katika karne ya 17 Muhammad Baqir Yazdi akafika 9363584 na 9437056. Hiyo 9363584 yagawanywa na adadi 31 zilizo chini yake, na jumla yao ni 9437056, haizidi wala haipungui hata moja.

Lakini neno la pili halizaliwi na la kwanza. Kupendana huko ni jina tu walilolipa wenye hisabu ule ulingano. Adadi haina moyo. Tena ulingano huo upo siku zote, kwa wapendanao na kwa wagombanao. Na kilichopo kwa wote sawasawa hakiwi ndicho kiwapatanishacho hawa na kuwaacha wale. Na mwuzaji akisema, Nguvu i katika kuiandika, si katika adadi, basi ameiacha hisabu, wala haiwi tena shahidi wake.

Tazama na tofauti hii. Mwaka 1866 kijana wa Italia wa miaka 16, Paganini, alionyesha 1184 na 1210, ambazo zilikuwa zimewapita wakubwa wote. Haikuhitajiwa nia yake kuchunguzwa. Kila mwenye kalamu aweza kuhesabu. Bali hirizi isipofaa, mwuzaji husema: Nia yako haikusafika, au saa haikuwa njema. Elimu hujitoa ikaguliwe hata na adui. Madai ya bure hujificha nyuma ya udhuru.

Basi kosa la mwuzaji yule ni kuuvika uongo nguo ya kweli. Nalo ni baya kuliko uongo mtupu, kwani mnunuzi huikagua ile kweli, akaridhika, asiendelee.

Nikamwuliza yule mtu: Mkeo alirudi kwao kwa sababu gani? Akanena: Kwa posho ya miezi mitatu. Nikasema: Na hirizi umeinunua kwa kiasi gani? Akainama. Nikamwambia: Enda ukalipe posho kwanza, hiyo ndiyo hisabu iliyokulazimu.

Wallahu aalam.