MLIMA WA KABASHA ULITUHUKUMU



Mara nyingi katika kurasa hizi sisi mashemasi tunawafundisha ninyi. Leo tunataka kutubu mbele yenu, maana shemasi naye ni mwanafunzi wa Neno. Someni kwanza Luka 10, habari ya yule Msamaria, kisha msikie mambo yaliyotupata njiani.

Mwezi wa Oktoba mwaka 2016 tulitoka Goma kwenda Butembo kwa mkutano wa maombi. Tulikuwa mashemasi, mama wa kwaya na vijana wa ngoma, katika bisi ndogo tuliyolipa kwa mchango wa waamini. Ni safari ya karibu kilometa 300. Tuliondoka alfajiri, kungali giza, na upande wa kushoto tuliona wekundu wa moto juu ya Nyiragongo. Tulikumbuka mwezi wa Januari 2002, namna moto ule ulivyoshuka, ukapita katikati ya mji mpaka ndani ya ziwa. Mama mmoja akaanzisha wimbo, na sisi sote tukaitika.

Kulipokucha, tuliona upande wa kuume milima ya Mikeno na Karisimbi, imefunikwa na mawingu kama watu waliovaa mavazi meupe. Kule Kibumba vijana walikuwa wanashuka na chukudu zao zimejaa viazi na kabichi, wanazizuia kwa mguu na kwa jasho. Tukapita Rutshuru, tukapita Kiwanja, tukaingia katika bustani ya Virunga, ile iliyowekwa tangu mwaka 1925. Katika uwanda wa Rwindi tuliona swala wanakula majani, na nyani wameketi kando ya barabara kama wazee wa baraza. Tulisema: Kweli Zaburi 104 ni ya kwetu! Kila kitu kilichoandikwa pale tulikiona kwa madirisha ya bisi.

Baadaye tukaanza kupanda Kabasha. Ninyi mliopita pale mnajua: kona juu ya kona, upande mmoja ukuta wa mlima, upande wa pili shimo. Mvua ilikuwa imenyesha usiku, hewa ilikuwa safi. Kwenye kona moja tukamwomba shofa asimame. Tulishuka sote. Chini yetu uwanda wote ulionekana, na mbali kule Ziwa Edouard liking'aa. Shemasi mmoja akatueleza: maji ya ziwa hili yanatoka kwa mto Semliki, yanafika Ziwa Albert, yanaingia katika Nili mpaka Misri, katika mto ule mtoto Musa alimowekwa ndani ya kikapu. Lakini mvua inayonyesha nyuma ya milima hii, upande wa magharibi, inashuka msituni mpaka mto Kongo, inafika bahari ya Atlantiki. Wingu ni moja, mvua ni moja. Mgongo wa mlima tu ndio unaoamua tone hili liende wapi. Tukainua mikono, tukamsifu Mungu.

Wakati tungali pale, mama mmoja alifika akipanda kwa miguu, mtoto mgongoni. Mtoto alikuwa na homa kali, kichwa kimelala upande. Akatusalimu kwa heshima, akaomba tumfikishe juu, Kanyabayonga, apate muganga. Shofa akasema: Bisi imejaa. Na kweli ilikuwa imejaa. Lakini ngoma zetu zilikuwa na fasi. Magunia yetu ya mavazi yalikuwa na fasi. Sisi mashemasi tulitazamana, hakuna aliyesema neno. Mmoja wetu akampa mama yule franka kidogo, akamwambia: Tutakuombea. Tukapanda, tukaenda, tukaimba tena.

Usiku ule tulilala Lubero, kwenye baridi. Kabla ya sala, mama mzee wa kwaya alisimama akasema: «Wababa, leo tulisimama kwa ajili ya ziwa. Kwa nini hatukusimama kwa ajili ya mtoto?» Akaketi. Hakuna aliyeweza kuhubiri usiku ule. Kesho yake tulivuka mstari wa ikweta, tukafika Butembo, lakini mahubiri yetu yalikuwa mazito mdomoni.

Wakati wa kurudi tuliuliza habari Kanyabayonga. Tuliambiwa kwamba shofa wa kamio ya maharagwe alimkuta mama yule njiani, akamweka juu ya magunia, akamfikisha kwa waganga. Mtoto alipona. Tulimshukuru Mungu kwa machozi. Lakini wandugu, alipona si kwa mkono wetu. Sisi tulikuwa na nyimbo, shofa yule alikuwa na huruma.

Tulijifunza mambo matatu.

Kwanza, uzuri wa dunia ni zawadi, si kosa kuutazama. Lakini macho yakishiba milima yasipomwona mtu, macho hayo yangali yamefungwa. Ziwa halina homa. Mtoto ndiye alikuwa na homa.

Pili, maombi yasitumiwe kuwa mlango wa kukimbilia. Tulisema «tutakuombea» ili tupate kuondoka. Kuhani na Mlawi wa Luka 10, labda hata wao waliomba walipokuwa wanapita.

Tatu, moyo wa mtu ni kama mgongo wa mlima ule. Nafasi ndogo ya dakika moja inaamua maji yatakwenda bahari gani. Tulipotazamana bila kusema, pale ndipo tulipoamua.

Wandugu, tunaandika haya kwa sababu njia ile sasa inalia. Vita vilifika Rutshuru mwaka 2022, na Kanyabayonga mwaka 2024. Wengi kati yenu mlitembea kwa miguu, godoro kichwani, mtoto mgongoni, mkitazama motokari zinapita bila kusimama. Sasa tunajua yule mama ni nani. Yule mama ni sisi wenyewe.

Kwa hiyo, toka safari ile tuliweka sheria ndogo kati yetu: katika kila safari ya kwaya, fasi moja haijazwi, wala na mtu wala na ngoma. Ni fasi ya yule tutakayemkuta njiani. Tunawaomba ninyi nanyi mweke fasi hiyo: katika motokari kama unayo, kwenye mkeka wako, katika sufuria ya sombe, katika chumba cha nyumba. Usingoje kuulizwa mara mbili.

Na mkipanda tena Kabasha siku ya amani, simameni kwenye kona ile, mtazame ziwa, mmsifu Muumba. Kisha geukeni mtazame barabara, kama kuna mtu anayepanda kwa miguu.

Bwana atusamehe, atufungue macho. Amina.