Alama Takatifu Juu ya Feza

Je, alama takatifu yaweza kumtakasa mtu mwenye kuichukua?

Warumi wa kale walitia dini yao hata katika feza. Kabla ya kuzaliwa kwake Kristu, sarafu yao nzito ya shaba, iliyoitwa as, ilikuwa na kichwa cha Janus upande mmoja, yule mungu wa milango mwenye nyuso mbili. Na upande wa pili omo ya merikebu. Hata kiwanda cha feza kilikuwa karibu na hekalu la mungu mke Juno Moneta.

Mwaka 312 Kaisari Constantinus alimshinda Maxentius, na baadaye wakristu wakapata amani. Walakini kwa miaka kadhaa sarafu zake za shaba ziliendelea kumwonyesha mungu Jua kuwa mwenzi wa Kaisari. Ndipo mnamo mwaka 327, mjini Constantinople, ikatolewa sarafu ndogo yenye bendera ikimchoma nyoka, na juu ya bendera herufi mbili za kwanza za jina la Kristu kwa Kigiriki.

Mwaka 350 jemadari Magnentius alimwasi bwana wake, Kaisari Constans, na watu wake wakamwua. Huyo Magnentius ndiye aliyetoa sarafu za shaba ambazo alama ya Kristu ilijaza upande mzima, na Alfa na Omega kando yake. Mwaka 353, aliposhindwa vitani, akajiua mwenyewe. Uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti.

Basi, mtu atasema: alama hizo ni bure, afadhali kuziacha. Sivyo. Alama ni kama neno la ahadi. Mwenye kuivunja ahadi ndiye mwenye kosa, wala si neno alilolitamka. Naye aichukuaye alama hajapata ruhusa ya kustarehe, amejifunga deni.

Bwana wetu alipoonyeshwa dinari ya kodi, aliuliza sura iliyo juu yake ni ya nani. Lakini mjane maskini alipotia sarafu zake mbili ndogo katika sanduku la hekalu, Bwana hakuuliza habari za sura. Alitazama moyo uliotoa vyote.

Mkristu naye alitiwa alama siku ya Ubatizo wake. Wanaomtazama sokoni na kazini wataisoma katika matendo yake.